Mieloma na asili ya mtu: ile "mara mbili" inatoka wapi?

Ukianza kusoma habari za mieloma, saratani ya damu inayozaliwa ndani ya uboho wa mifupa, hutafika mbali kabla ya kukutana na maneno haya: watu Weusi wana hatari mara mbili kuliko Weupe. Ni kweli. Nchini Marekani, ambako wagonjwa wa saratani wameorodheshwa kwa makini kwa miongo mingi, mieloma huwapata Wamarekani Weusi zaidi ya mara mbili ya inavyowapata Weupe, na watu wenye asili ya Asia wako chini ya makundi yote mawili. Kinachonisumbua ni jinsi maneno hayo yanavyoachwa bila maelezo, kila msomaji akajijazia mwenyewe. Mmoja anaondoka akiamini kwamba ugonjwa umo katika ngozi yake. Mwingine anasema hapana, ni umaskini na sumu za mazingira, asili haihusiki hata kidogo. Ukifuata utafiti wenyewe hatua kwa hatua, unakuta kwamba wote wawili wamejibu swali moja kwa jibu la swali jingine.

Kwanza tupime ukubwa wa jambo. Kwa Mmarekani wa kawaida, uwezekano wa kupata mieloma katika maisha yake yote ni chini ya 1 kati ya 100. Hata ukiuzidisha mara mbili, walio wengi mno, Weusi kwa Weupe, hawataugua kamwe. Kwa hiyo "mara mbili" si hukumu juu ya mtu mmoja. Ni habari ya umati, na katika umati tofauti hiyo ni maelfu ya watu.

Ugonjwa wenyewe huanzia kwenye seli za plazma. Hizi ni seli nyeupe za damu zilizokomaa, zinakaa ndani ya uboho, na kazi yao ni kutengeneza kingamwili, zile protini zinazopambana na vijidudu. Kila ukoo wa seli hizi hutengeneza aina yake moja tu ya kingamwili. Katika mieloma ukoo mmoja unaasi. Unazaana bila kikomo, unajaza uboho, na unamwaga kwenye damu protini ya aina moja isiyo na kazi, ambayo madaktari huiita protini ya M. Madhara yake yanaeleweka kirahisi ukishajua hapo: uboho uliosongwa hautoi damu ya kutosha, mifupa inaliwa na kutoboka, kalsiamu iliyotoka kwenye mifupa inazidi katika damu, na figo zinaziba kwa vipande vya protini ile. Wengi huugua wakiwa na umri wa miaka sitini kwenda juu, na wanaume zaidi kidogo kuliko wanawake.

Ila mieloma haizuki ghafla. Kabla yake kuna hali tulivu, isiyo na maumivu wala dalili, ambamo ukoo mdogo wa seli umeshaanza kutoa protini ya M lakini haujaharibu chochote. Robert Kyle wa Mayo Clinic, Minnesota, aliipa jina mwaka 1978, na hospitalini hujulikana kwa kifupi chake, MGUS. Mimi nitaiita hali tangulizi. Mwaka 2006 Kyle na wenzake walichapisha matokeo ya kupima damu ya watu zaidi ya 21,000 wenye miaka 50 na kuendelea katika wilaya moja ya Minnesota, Olmsted. Asilimia 3.2 walikuwa nayo, na baada ya miaka 70 ilipanda hadi asilimia 5.3. Katika kila watu 100 walio nayo, takriban 1 kwa mwaka huvuka kwenda kwenye mieloma au ugonjwa wa jamaa yake. Wengi huzeeka na kufariki kwa sababu nyingine bila hata kujua kwamba walikuwa nayo.

Je, kuna anayepata mieloma bila kupitia hapo? Swali hili lilijibiwa mwaka 2009. Watafiti walikuwa na damu iliyohifadhiwa ya watu 77,469 walioshiriki katika utafiti mwingine wa saratani. Katika miaka iliyofuata, 71 kati yao wakapata mieloma. Waliporudi kwenye chupa za damu ya zamani ya watu hao 71, walikuta protini ya M ilikuwamo kwa wote miaka miwili au zaidi kabla ya ugonjwa. Kwa hiyo njia ni moja, na ina hatua. Hapo ndipo "mara mbili" inapoanza kufumbuka, kwa sababu sasa tunaweza kuuliza maswali matatu mbalimbali: nani anaipata hali tangulizi, kwa nani inageuka saratani, na ikishageuka inamuua nani. Majibu hayafanani.

Tofauti inaanzia wapi

Mwaka 2006 hiyohiyo, mtafiti wa mieloma Ola Landgren na wenzake walichambua rekodi za hospitali za maveterani wanaume milioni 4 wa Marekani, Weusi na Weupe. Hali tangulizi ilionekana kwa Weusi mara 3 zaidi. Lakini walipowafuata wale waliokwisha kuwa nayo, asilimia 17 ya Weusi na asilimia 15 ya Weupe walipata mieloma ndani ya miaka 10, karibu sawasawa. Naona huu ndio ufunguo wa mada yote, na nashangaa jinsi unavyotajwa kwa nadra. Pengo kubwa liko kwenye mlango wa kwanza. Waliokwisha kuuvuka huenda kwa mwendo unaokaribiana.

Rekodi za hospitali zina kasoro yake: aliyepimwa ni yule aliyekwenda hospitali. Ndiyo maana utafiti uliochapishwa mwaka 2014 una uzito, kwa kuwa ulitumia damu ya watu 12,482 wenye miaka 50 na zaidi waliochaguliwa kuwakilisha taifa zima la Marekani. Hali tangulizi ilikutwa kwa asilimia 3.7 ya Weusi, 2.3 ya Weupe, na 1.8 ya wenye asili ya Meksiko. Baadaye wakatazamwa walio chini ya miaka 50, na pengo likaonekana hata huko, asilimia 0.88 kwa 0.22. Yaani mlango unafunguka mapema, na hili linaelekea kueleza kwa nini wagonjwa Weusi hugundulika wakiwa na umri mdogo kwa miaka michache kuliko Weupe.

Sasa njoo kwa yule aliyesema ni umaskini. Hoja yake haikupuuzwa, ilipimwa. Kusini mwa Marekani walichukuliwa wanawake 1,996, Weusi na Weupe, wenye hali ya maisha inayofanana, wengi wao wakiwa watu wa kipato cha chini. Hali tangulizi ilikuwa asilimia 3.9 kwa Weusi na 2.1 kwa Weupe. Umaskini uliposawazishwa, pengo halikufutika.

Kisha kuna Ghana. Mwaka 2007 yalitoka matokeo ya wanaume 917 wa nchi hiyo, wa umri wa miaka 50 hadi 74. Baada ya kurekebisha tofauti za umri, asilimia 5.84 walikuwa na hali tangulizi, karibu mara mbili ya wanaume Weupe wa Olmsted. Tafakari maana yake. Mwanamume wa Ghana na Mmarekani Mweusi hawali chakula kimoja, hawavuti hewa moja, hawaugui magonjwa yaleyale utotoni, na hawatibiwi na mfumo mmoja. Wanachoshiriki kwa sehemu kubwa ni asili ya Afrika Magharibi. Ukiweka Ghana kando ya wale wanawake wa kusini mwa Marekani, inakuwa vigumu kukataa kwamba kuna kitu kinarithiwa.

Kinarithiwa nini, basi? Si jeni moja yenye jina na anwani. Mtu mwenye mzazi, ndugu wa damu au mtoto aliyeugua mieloma ana hatari mara mbili hadi nne ya wengine, iwe ni Mweusi au Mweupe, kwa hiyo urithi unafanya kazi katika makundi yote. Unaoonekana ni mkusanyiko wa vinasaba vingi, kila kimoja kikiongeza kidogo. Dalili nyingine iko ndani ya seli zenyewe. Seli zinazozaa seli za plazma zina tabia ya hatari: ili kutengeneza kingamwili mpya, hukata jeni zake na kuziunga upya, na jeni kuu ya kazi hiyo iko kwenye kromosomu ya 14. Mara nyingine kipande huungwa mahali si pake, na kosa hilo huwa mwanzo wa ukoo ulioasi. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta makosa ya namna hii ya kromosomu ya 14 kuwa mengi zaidi kwa wagonjwa wenye sehemu kubwa zaidi ya asili ya Kiafrika. Hapo watafiti walipima asili katika vinasaba vyenyewe. Hawakuuliza mtu anajiita nani.

Tofauti hiyo si ndogo. "Mweusi" ni neno la sensa. Barani Afrika kuna utofauti mkubwa wa vinasaba kuliko bara lolote, na waliopimwa Ghana au waliotokana na watumwa waliopelekwa Marekani hawawezi kusimama badala ya watu wa Pembe ya Afrika, wa Maziwa Makuu na wa Kusini. Rangi ya ngozi haizalishi protini ya M. Ni alama ya juujuu tu, inayokwenda sambamba na asili fulani mara nyingi na kuachana nayo mara nyingine.

Kuna fumbo jingine hapa. Ikiwa asili ya Kiafrika inaongeza hatari, kwa nini takwimu za dunia zinaonyesha nchi nyingi za Afrika zikiwa miongoni mwa zenye mieloma kidogo kabisa? Kwa sababu mieloma ni ugonjwa usiojulikana mpaka utafutwe. Unahitaji mashine ya kutenganisha protini za damu kwa umeme, mtu wa kuchukua uboho na mtu wa kuusoma kwa hadubini. Pasipo hivyo, mgonjwa anaandikiwa upungufu wa damu, figo kushindwa, kifua kikuu cha uti wa mgongo, au maumivu ya uzee, na anazikwa na jina hilo. Umri nao una sehemu yake, maana ugonjwa wa wazee huonekana mchache palipo na vijana wengi. Lakini Ghana ilishatuonyesha kwamba pale watu walipopimwa, hali tangulizi ilikuwepo, tena kwa wingi.

Mkono wa mazingira

Baada ya haya yote mtu anaweza kudhani mazingira yamekwisha kuondolewa kwenye kesi. Hayajaondolewa. Yanaingia, tena kwa kushangaza, kupitia mlango uleule wa kwanza.

Mfano wenye nguvu kuliko yote unatoka Vietnam. Kati ya mwaka 1962 na 1971 jeshi la Marekani lilinyunyizia misitu na mashamba ya huko dawa za kuua mimea, maarufu zaidi ikiwa Agent Orange, ambayo ilikuwa imechanganyika na dioksini, sumu inayokaa mwilini kwa miaka mingi. Wanahewa waliofanya kazi hiyo walifuatiliwa na damu yao kuhifadhiwa. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya wanyunyiziaji 479 wakilinganishwa na wenzao 479 waliohudumu ukanda huohuo bila kunyunyizia. Hali tangulizi ilikuwa asilimia 7.1 kwa wanyunyiziaji na 3.1 kwa wenzao. Hapa ni jeshi moja na zama moja, kinachowatenganisha kikubwa ni sumu. Sheria ya Marekani iliyosainiwa Agosti 2022 iliiweka hali tangulizi katika orodha ya madhara ambayo veterani wa Agent Orange hulipwa fidia bila kudaiwa ushahidi zaidi wa chanzo. Mieloma yenyewe ilikuwa kwenye orodha hiyo tangu zamani. Watu wa Vietnam walioishi chini ya mvua ile ya sumu, na ambao hawakuwa na ndege ya kuwarudisha nyumbani, ndio ninaowafikiria zaidi ninaposoma takwimu hizi.

Wakulima nao wamo. Wanaume 678 wanaonyunyizia viuatilifu katika majimbo ya Iowa na North Carolina walipimwa, na mwaka 2009 ikaripotiwa kuwa hali tangulizi kwao ni karibu mara mbili ya wanaume wa Olmsted. Baadhi ya viuatilifu vilijitokeza hasa, kikiwemo dieldrini, ambacho kimeshapigwa marufuku katika nchi nyingi. Mwaka 2018 ikaja zamu ya wazima moto wa New York waliopumua vumbi la majengo yaliyoanguka Septemba 11, 2001. Waliopimwa walikuwa 781, na walikuwa nayo mara 1.8 zaidi ya watu wa Olmsted. (Msomaji ameshaona kwamba wilaya hii moja ya Minnesota, ambayo wakazi wake wengi wana asili ya Ulaya ya Kaskazini, ndiyo imekuwa rula ya kupimia dunia nzima. Ni rula nzuri, ila ni moja, na ndiyo maana nauamini zaidi ulinganisho wa wanahewa kuliko huu wa wakulima na wazima moto.)

Benzini, iliyomo katika petroli na baadhi ya viyeyusho vya viwandani, imethibitika kusababisha lukemia kali. Kwa mieloma, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani linasema uhusiano umeonekana lakini ushahidi haujatosha. Mionzi nayo ina ushahidi wa kutatanisha, ingawa huko Nagasaki waliokuwa chini ya miaka 20 na karibu na bomu mwaka 1945 walikutwa na hali tangulizi zaidi ya waliokuwa mbali. Unene uliopitiliza hauna utata huo: mwaka 2016 shirika hilohilo liliiweka mieloma kati ya saratani 13 zinazohusiana nao. Wale wanawake wa kusini mwa Marekani pia walionyesha hivyo, wenye unene huo walikuwa na hali tangulizi zaidi, Weusi kwa Weupe.

Mambo tofauti hivi, dioksini, vumbi, mafuta ya mwilini na asili, yanakutanaje kwenye seli moja? Maelezo yanayonishawishi ni ya uchokozi wa muda mrefu. Seli za kinga huzaana zinapochokozwa, na kila kuzaana ni nafasi ya kosa la kukata na kuunga. Kuna ugonjwa wa kurithi uitwao Gaucher, ambamo mafuta fulani hujikusanya mwilini, na wenye ugonjwa huo hupata mieloma zaidi ya wengine. Watafiti walipochunguza protini ya M ya baadhi yao, waligundua kwamba ni kingamwili inayolenga mafuta yaleyale. Ukoo ulioasi ulianza kama ukoo uliokuwa ukifanya kazi yake bila kupumzika. Ukilitazama jambo hivi, asili na mazingira hayagombanii kiti kimoja. Asili inaweza kuamua jinsi kinga inavyoitikia uchokozi, na mazingira yanaleta uchokozi wenyewe.

Swali la tatu: inamuua nani

Hapa asili inatoka nje na mfumo wa tiba unaingia. Wamarekani Weusi hufa kwa mieloma karibu mara mbili ya Weupe, na kwa muda mrefu wengi walidhani ugonjwa wao ni mkali zaidi. Mwaka 2019 ulitoka uchambuzi wa maveterani 15,717 waliotibiwa katika hospitali za serikali za wanajeshi wastaafu, ambako Mweusi na Mweupe huhudumiwa chini ya paa moja na kikwazo cha pesa ni kidogo. Kwa walio chini ya miaka 65, Weusi waliishi muda wa kati wa miaka 7.07 baada ya kugundulika, Weupe miaka 5.83. Wakipewa tiba ileile, Weusi walifanya vizuri zaidi. Baadhi ya mabadiliko mabaya kabisa ya vinasaba vya saratani hii, kama kupotea kwa TP53, jeni inayozuia saratani, huonekana kwao kwa nadra zaidi. Ninaposoma kwamba wanakufa zaidi nje ya hospitali hizo, sina tena ruhusa ya kulaumu damu yao. Wanaugua zaidi, halafu wengi huchelewa kugundulika na kuchelewa kufikiwa na dawa mpya.

Hata majaribio ya dawa hizo yana mlango mwembamba. Weusi ni takriban 1 kati ya 5 ya wagonjwa wa mieloma nchini Marekani, lakini katika majaribio ya dawa wamekuwa karibu asilimia 5 tu. Sababu ni nyingi, ila moja inafaa kujulikana. Watu wengi wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara wana badiliko la jeni iitwayo Duffy, linalowakinga dhidi ya aina moja ya malaria, Plasmodium vivax. Badiliko hilohilo hufanya idadi ya seli nyeupe ziitwazo neutrofili iwe chini katika damu yao, nao wakiwa wazima kabisa. Majaribio mengi huweka kiwango cha chini cha neutrofili ili mtu aruhusiwe kushiriki, na kiwango hicho kilitokana na damu ya watu wasio na badiliko hilo. Hivyo mgonjwa anaweza kukataliwa kwa sababu ya kinga ya malaria aliyoachiwa na mababu.

Kwa sasa hakuna mwongozo unaotaka kila mtu apimwe hali tangulizi, kwa kuwa wengi wangebebeshwa hofu ya kitu ambacho hakitawadhuru. Iceland ilianza mwaka 2016 kuwapima watu wazima wake zaidi ya 80,000 ili kujua kama kuitafuta mapema kunaokoa maisha. Marekani kuna utafiti uitwao PROMISE unaowapima hasa Weusi na wenye ndugu aliyeugua.

Hadi majibu yatoke, kinachofaa ni kuzijua dalili. Maumivu ya mgongo au mbavu yasiyoisha kwa wiki nyingi, uchovu wenye upungufu wa damu usioeleweka, maambukizi yanayorudi, kiu na kukosa choo pamoja, mkojo wenye povu, mfupa uliovunjika kwa jambo dogo. Hapo usiendelee kununua diklofenaki au ibuprofeni dukani, kwa sababu kama ni mieloma dawa hizo zitaumiza figo ambazo tayari zinazidiwa. Mwambie daktari kama kuna ndugu wa damu aliyeugua, na kama umewahi kufanya kazi ya kunyunyizia sumu. Uliza kama umefikia wakati wa kupimwa picha kamili ya damu, kalsiamu na kreatinini (kipimo cha figo), na pamoja navyo elektroforesisi ya protini, yaani kuzitenganisha kwa umeme, kwa damu na kwa mkojo, na minyororo myepesi ya kingamwili, yaani vipande vyake vidogo, katika damu. Vile vitatu vya kwanza hufanyika karibu kila maabara. Hivi viwili vya mwisho ndivyo vinavyoiona protini ya M, na mara nyingi havifanyiki mpaka mtu avitaje.